Kanga wa Mia Mbili

Mama Stoo alikuwa na masikio. Si kwamba wengine hawana, la, lakini yake yalikuwa masikio ya kazi, kama fundi cherehani alivyo na macho ya kazi. Kila kitu kilichotoka kwenye tanuri la kituo cha sanaa, kabla hakijaenda dukani au kufungwa katoni kwa ajili ya wanunuzi wa jumla, kilipita kwanza mikononi mwake. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakisogeza sikioni, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha kati. Kikilia ting', kizima. Kikilia tuf, kina ufa, hata kama jicho halioni kitu. Basi, hakuna rufaa. Wafinyanzi walimnunia, walimbembeleza, wengine wakamwambia, "Mama Stoo, hebu gonga tena, pengine hukusikia vizuri." Naye huwajibu, "Nimesikia vizuri sana. Chungu chako ndicho kinachonung'unika."

Mbele ya kituo palikuwa na duka la rejareja: rafu za vioo, kengele juu ya mlango, na wageni wanaoshika kitu kwa vidole viwili utadhani kitawauma. Nyuma palikuwa na stoo ya jumla: katoni, majani makavu ya kufungia, magazeti ya zamani, kamba, na mizani mbovu ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Katikati ya vyumba hivyo viwili, kwenye meza iliyotandikwa blanketi ili vitu visigongane, alikaa Mama Stoo kwa miaka ishirini na sita. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Hata kaka yake wa tumbo moja alimwita Mama Stoo.

Kituo hicho kilikuwa na desturi yake. Kitu kilichovunjika hakitupwi. Vigae hurudishwa kwa aliyekifinyanga, na kama mwenyewe hayupo, kwa ndugu yake wa karibu, naye huvitwanga kwenye kinu cha chuma kilicho kando ya tanuri mpaka viwe unga, kisha huchanganya unga ule na udongo mbichi. Udongo wenye vigae hustahimili moto. Na kila mfinyanzi, anapochanganya udongo mpya, hubakiza donge la ule wa zamani na kulitia humo, donge wanaloliita mbegu. Kwa hiyo ukivunja kitu pale, watu hawaombolezi. Wanauliza tu: vigae viko wapi?

Likumbukeni swali hilo. Ndilo lililomkaba koo Mama Stoo miaka minne.

Sasa, kilichouzika kuliko vyote pale kituoni walikuwa kanga. Kanga ndege, jamani, yule wa madoadoa, msije mkaniletea habari za nguo. Na aliyewaanzisha alikuwa wifi yake Mama Stoo, mke wa kaka yake. Hao walikuwa mawifi hasa. Walitaniana asubuhi, wakanuniana mchana, jioni wakatembea pamoja kurudi nyumbani wakigawana karanga. Wifi alifinyanga kanga kwa namna moja tu: mwili unaelekea mbele, shingo imegeuka, kichwa kinaangalia nyuma. Akimaliza, kabla udongo haujakauka, alimpindua na kumgandamiza gumba lake tumboni, chini. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake. Wafinyanzi wengine walijifunza shingo ile kwake, wengine wakaipata, wengine wakaishia kutengeneza bata.

"Kwa nini wote wanaangalia nyuma?" Mama Stoo alimuuliza siku moja.

"Wanakuangalia wewe, wifi yangu. Usije ukawauza kwa bei ya hasara."

Walicheka mpaka mgeni mmoja akachungulia kutoka dukani.

Ugonjwa wa wifi ulianzia mgongoni, ukashuka, ukapanda, mwishowe ukakaa popote ulipopenda. Binti yake wa pekee, waliyemwita Doti kwa ajili ya madoa aliyopenda kuwatia kanga wa mama yake alipokuwa mdogo, alikuwa chuo cha uuguzi mji mwingine, katikati ya mitihani. Mama yake alikataa aitwe. Siku ya mwisho aliyoweza kukaa, alisema anataka kiti chake cha kufinyangia. Mama Stoo akamshika kwa nyuma, kifua chake kikiwa ukuta wa mgonjwa, na wifi akafinyanga kanga mmoja kuanzia saa tatu mpaka jua la utosi. Alipompindua ili aweke gumba, gumba halikuzama. Liliacha kijivuli tu.

"Halina nguvu," alisema. "Weka na lako, wifi. Hapo kando."

Mama Stoo akaweka. Magumba mawili, moja jepesi, moja zito, yakakaa bega kwa bega chini ya yule ndege.

"Huyu ni wa Doti. Atamchukua akimaliza masomo. Usimuuze, hata dunia ikiishiwa kanga."

"Nimuuze! Nina wazimu?"

"Nakujua. Wewe ukiletewa oda unauza hata mlango."

Ulikuwa utani. Wote wawili walijua ni utani. Siku tano baadaye wifi alifariki, na kanga yule alikuwa bado mbichi anakauka kivulini, kwa sababu tanuri haliwashwi mpaka lijae. Doti alikuja kuzika, akalia, akarudi kumalizia mitihani. Shangazi yake alimwambia kwenye simu kwamba ndege wake ametoka motoni salama na amewekwa mahali pa salama kuliko benki. Hakudanganya. Alikuwa amemweka kwenye rafu ya sampuli, ile ya juu, ambako huwekwa kipande kimoja cha kila aina ili wengine walinganishwe nacho. Kitu cha rafu ya sampuli hakiuzwi. Kila mtu alilijua hilo, na aliyelitunga alikuwa Mama Stoo mwenyewe.

Ikaja oda. Kanga mia mbili, shingo nyuma, mnunuzi akiwa yule bwana waliyempachika jina la Bwana Kamili. Alikuwa na lori lake, na alisambaza vitu vya kituo kwenye maduka kumi na mawili, mengine mbali kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu. "Mia mbili ni mia mbili," alizoea kusema. "Mia moja tisini na tisa ni nambari nyingine kabisa, na mimi sikuiagiza." Mwaka uliotangulia alikosa sahani mbili tu kwenye mzigo, akashusha mzigo mzima getini, akaondoka na lori tupu. Miezi mitatu baada ya pale wafinyanzi walikuwa wanakwepana macho na wenye nyumba zao.

Siku ya mzigo lori lilifika asubuhi, likasimama getini injini ikinguruma. Mama Stoo alikuwa anagonga wa mwisho mwisho. Mia moja tisini na saba, ting'. Tisini na nane, ting'. Tisini na tisa, ting'. Akamchukua wa mia mbili, kazi ya fundi mmoja aliyeitwa Kicheko, mzee mwenye haraka zake, anayetoa vitu kivulini kabla ya wakati na kucheka vinapopasuka. Akamgonga.

Tuf.

Akagonga tena, yeye ambaye hakuwahi kumgongea mtu mara mbili. Tuf. Akatazama dukani, rafu za kanga zilikuwa tupu, wote walikwishaingia kwenye oda. Nje honi ikalia. Meneja akachungulia mlangoni, jasho puani. "Mama Stoo, wametimia?"

Ndipo akainua macho kwenye rafu ya juu. Yule kanga alikuwa anamwangalia, shingo nyuma, kama walivyo wote.

Niwaambie ukweli, hakuna aliyemlazimisha. Meneja hakuiona rafu, Bwana Kamili hakujua kuna rafu. Angeweza kutoka na kusema, "Bwana, wamekuwa mia moja tisini na tisa, nipe siku mbili." Angetukanwa, na pengine angekubaliwa. Lakini mkono ulishazoea kazi. Alijiambia nitamrudisha, kesho napiga simu, nampelekea mwingine, narudishiwa wangu. Akapanda kigoda, akamshusha. Akamgonga, kwa mazoea tu. Laiti angelia tuf! Mama Stoo angeokoka. Lakini alilia ting', tena ting' ndefu, safi, iliyozunguka stoo nzima. Akamfunga kwenye majani, akamweka katoni ya tisa, akaandika alama ya msalaba kwa penseli kwenye kona.

"Wametimia," alisema.

Kesho yake akapiga simu. Bwana Kamili alicheka kwa wema kabisa. "Mama, mimi huwa sibaki na katoni zenu. Nimeshachanganya, nimeshagawa. Ndege wako wako madukani kote huko. Kwani una shida gani?"

"Hakuna," akasema Mama Stoo. "Nilikuwa naulizia tu."

Kuanzia hapo ndipo mambo yalipomgeuka. Kwenye rafu ya sampuli palibaki duara safi katikati ya vumbi, pale ndege aliposimama. Akaweka jagi juu yake. Kitako cha jagi kilikuwa kidogo kuliko duara. Akalifuta vumbi lote la rafu, na baada ya wiki mbili, wallahi, aliliona tena, au alidhani analiona, yote ni mamoja. Kanga wapya walipotoka tanurini akawapanga mezani, wakawa wanamwangalia. Akawageuza waelekee ukutani. Sasa hebu fikiri: ndege mwenye shingo ya kugeuka nyuma ukimwelekeza ukutani, macho yake yanakujia wewe. Aliwageuza tena wote, mmoja mmoja, akainamia kazi yake bila kuinua uso mpaka mchana.

Katika ziara zake za kukagua maduka, kazi ambayo zamani aliipenda kwa sababu ya kusafiri na kupiga soga, akawa na tabia mpya. Anaingia, anasalimia, anakwenda moja kwa moja kwenye kanga, anampindua mmoja baada ya mwingine na kupachika gumba lake chini. Wenye maduka wakampa jina lingine, Mama Pindua. "Anatafuta nini?" waliulizana. Hakumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye peke yake.

Doti alikuja mwishoni mwa mwaka, cheti cha uuguzi mkobani, amekonda, uso ni wa mama yake kabisa. Aliingia kwa mlango wa duka, kengele ikalia, akampita muuzaji akaja mpaka kwenye meza yenye blanketi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuja kumchukua."

Mama Stoo alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo miezi mitano. Alipanga maneno akayapangua. Alikusudia kusema: nilimuuza, nisamehe, namtafuta. Kinywa kilipofunguka, kikasema, "Alivunjika."

Doti akakaa juu ya katoni. Hakupiga kelele. Alilia polepole, viganja vikiwa magotini, na shangazi yake akamshika kichwa kama alivyomshika mama mtu siku ile. Pengine mambo yangeishia hapo, uongo mmoja, umezikwa. Lakini Doti alikuwa amekulia pale. Alifuta uso, akainua kichwa.

"Vigae viko wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, na ya Mama Stoo ilikuwa hatua sita, kutoka mezani mpaka kona ya stoo. Kule, nyuma ya magazeti, alikuwa bado yuko kanga wa Kicheko, yule wa tuf, hakuwahi kumrudisha. Akamfunika kitambaa, akamponda kwa nyundo ya kugongea misumari. Kupasuka kwake hakukuwa na sauti kubwa. Akavipondaponda vigae mpaka hakuna kilichobaki na umbo, hasa kipande cha tumboni, akafunga vizuri, akarudi, akamkabidhi mtoto wa wifi yake kwa mikono miwili.

Doti alivitwanga mwenyewe. Alikaa kwenye kinu saa nzima, mafundi wote wakiwa wamesimama kwa heshima, hata Kicheko mwenyewe alivua kofia. Alichanganya unga na udongo, akafunika kwa gunia la maji. Asubuhi hakwenda stendi. Alisema ataanza kazi ya hospitali mwezi ujao. Mwezi ujao akasema ule unaofuata. Mwisho akaacha kusema. Alikaa kwenye kiti cha mama yake akafinyanga kanga, shingo nyuma, na walikuwa wazuri, jamani, wazuri mpaka wanatia huzuni.

"Mama yumo," alimwambia shangazi yake. "Nikiushika huu udongo namsikia. Wewe humsikii?"

"Namsikia," alisema Mama Stoo.

Na ingekuwa kheri kama lingebaki kati yao. Lakini meneja, aliyekuwa hodari wa kunusa kinachouzika, aliisikia habari hiyo akaona ni dhahabu. Akaamuru vikaratasi. Kila kanga wa Doti akafungwa shingoni kikaratasi kwa uzi mwekundu: *Ndani ya ndege huyu imo chembe ya kanga wa mwisho aliyefinyangwa na mama yangu.* Na kwa kuwa mwandiko mzuri pale kituoni ulikuwa mmoja, aliyeviandika alikuwa Mama Stoo. Mia mbili kwa oda ya kwanza. Mia tatu kwa ya pili. Wageni dukani walivisoma wakashika vifua. Bwana Kamili akaongeza maduka manne. Naye Mama Stoo aliandika, herufi kwa herufi, kwa mkono uleule uliomshusha ndege rafuni, na kila alipofika kwenye neno "mama" kalamu ilikwama kidogo, akailaumu kalamu.

Miaka minne. Kila ndege wa Doti aliyemgonga alilia ting', na baada yake, ndani kabisa ya sikio, akasikia tuf. Ting', tuf. Ting', tuf. Mwishowe hakujua ipi imetoka kwa ndege na ipi imetoka kwake. Akaanza kukataa vizima na kupitisha vibovu. Bwana Kamili akarudisha vyungu sita vyenye nyufa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. "Umri," walinong'ona mafundi, kwa huruma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na watu hudhani methali hiyo inahusu nyumba.

Basi ikafika katoni. Ilikuwa siku ya kawaida, ya joto, mafundi wamekwenda kula. Duka moja la mbali, ambalo ziara zake hazikuwahi kulifikia, lilikuwa limefungwa, mwenyewe kahamia kwa wanawe, na kwa kuwa vitu vya kituo vilikuwa mali kauli, yaani analipa akishauza, vilivyobaki vilirudishwa. Mama Stoo akakata kamba. Mabakuli mawili yaliyofifia. Kinara. Na chini, amefungwa gazeti, kanga.

Alijua kabla hajampindua. Alimpindua hata hivyo. Gumba jepesi, gumba zito. Akaweka lake kwenye lile zito, likaingia kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Alikuwa amekaa rafu ya nyuma ya duka la watu miaka yote hiyo, hakuna aliyemtaka, kwa sababu, sasa aliliona hilo, alikuwa amepinda. Wifi hakuwa na nguvu siku ile. Shingo ilikuwa imelegea, kichwa hakikugeuka sawasawa. Wateja walimshika, wakamrudisha, wakachukua mwingine.

Mama Stoo alikaa chini kwenye majani makavu akalia kwa sauti, stoo ikiwa tupu. Alilia kwa furaha kwanza. Kisha akaanza kufikiri, na hapo ndipo furaha ilipokauka. Akimpa Doti ndege wake, atamnyang'anya mama yake. Kila kanga wa miaka minne, kila donge la mbegu, kila kikaratasi, vyote vitakuwa upuuzi. Msichana aliacha kazi ya heshima kwa ajili ya udongo ule.

Ndipo lilipomjia wazo, na lilikuwa wazo zuri, hilo ndilo lililomtisha. Kinu kilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Amtwange. Sasa hivi, kabla watu hawajarudi. Amtwange awe unga, autie kwenye udongo wa Doti chini ya gunia, akoroge, na uongo wa miaka minne utakuwa kweli kuanzia leo. Hakuna atakayejua. Mama atakuwa yumo, safari hii kweli. Akaondoka naye kifuani, akavuka ua kwenye jua, akamlaza kinuni, akashika mchi wa chuma kwa mikono miwili, akauinua.

Ndege alikuwa amelala ubavu. Macho yake, kwa jinsi shingo ile ilivyolegea, hayakumtazama Mama Stoo. Wale wengine wote walimtazama, miaka minne, huyu peke yake alikuwa anaangalia pembeni, kuelekea kwenye kiti cha kufinyangia. "Wifi," alisema, "nifanyeje? Sema basi, wewe uliyekuwa unajua kusema."

"Shangazi?"

Doti alikuwa amesimama uani nyuma yake, bakuli la chakula mkononi, udongo mpaka kwenye viwiko. "Unaongea na nani? Unatwanga nini?"

Mchi ulikuwa juu. Bado uongo ulikuwepo, wa aina nyingi, umejipanga foleni. Mama Stoo akauteremsha mchi chini, akaulaza ardhini. Akamtoa ndege kinuni, akamfuta vumbi kwa upindo wa nguo yake.

"Huyu hapa," alisema. "Hakuvunjika. Nilimuuza. Mzigo ulipungua mmoja, nikamchukua rafuni nikamtia kwenye katoni mimi mwenyewe. Nilimtafuta, mwanangu. Amerudi leo."

Doti aliweka bakuli chini, akampokea ndege, akampindua. Akaweka gumba lake kwenye lile jepesi, akaliacha hapo muda mrefu.

"Na hili jingine?"

"Langu. Hakuwa na nguvu. Nilimshika kwa nyuma."

"Kwa hiyo ulikuwepo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikwambia huyu ni wangu?"

"Aliniambia."

"Na nilivyovitwanga vilikuwa vya nani?"

Mama Stoo alifumba macho. "Vya Kicheko."

Kisha Doti akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichomtoka kama kikohozi. "Kicheko! Miaka minne namwambia Kicheko habari zangu zote. Namwambia nimekukumbuka mama. Kumbe Kicheko!" Akacheka mpaka akainama, na alipoinama kikageuka kilio, na shangazi yake alipomsogelea akamnyooshea kiganja: usije. Akaondoka na ndege wake, amemkumbatia. Bakuli likabaki pale pale, inzi wakalipata.

Siku hiyo na zilizofuata Doti hakuonekana. Mama Stoo aliingia dukani, akachukua mkasi, akakata nyuzi nyekundu shingoni mwa kanga wote waliokuwa rafuni, kisha wa stoo, akavichoma vikaratasi kwenye tanuri. Meneja alipiga makelele. Naye akamweleza yote, mbele ya mafundi, akiwa amesimama. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Kicheko, safari hii, hakucheka. Bwana Kamili alipofika alipokea kanga wasio na vikaratasi, akanung'unika, akawahesabu, akaondoka.

Siku ya tisa kengele ya duka ikalia. Doti akapita mpaka nyuma na trei ya kanga kumi na wawili, moto wa tanuri bado umo ndani yao. Mama Stoo akanyoosha mkono kumpokea wa kwanza.

"Hapana," alisema Doti. "Shikamoo. Kuanzia leo, shangazi, wa kwangu nitawagonga mwenyewe."

Mkono ukarudi mapajani. Ishirini na sita, miaka yote hiyo mezani pale, na hakuwahi kukaa mikono mitupu. Doti akavuta kigoda upande wa pili wa blanketi, akaanza. Alikuwa hajui, anagonga kwa nguvu mno, kwa kucha badala ya kifundo. Mama Stoo aliuma ulimi usiseme. Wa kwanza. Wa pili. Alisikiliza, maana masikio hayana mlango, na aligundua kitu kilichomfanya ashike ukingo wa meza. Zilikuwa ting' tupu. Ile tuf haikufuata. Ilikuwa imekwenda.

Kanga wa Doti walikuwa bado wanaangalia nyuma. Chini ya kila mmoja kulikuwa na gumba moja, la Doti.

Alipofika kwa wa tisa, Doti akasita. Akagonga, akainamisha kichwa, akagonga tena. Akamtazama shangazi yake kwa mara ya kwanza tangu aingie, mtazamo mrefu, usio na msamaha ndani yake, au bado. Kisha akamsukuma yule ndege juu ya blanketi mpaka upande wa pili.

"Huyu simwelewi. Msikilize."

Mama Stoo akamchukua kwa mkono wa kushoto. Akamsogeza sikioni. Akagonga, mara moja tu.

"Ana ufa," alisema. "Mdogo, shingoni. Huyu usiuze."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Doti akamchukua, akamweka pembeni, kwenye trei ya kinu. Halafu akavuta wa kumi.